Kengele za Upande Mmoja

Sikio la kushoto la Stamen lilikufa wiki ya Krismasi, kwa mafua ya kawaida tu, na mpaka Septemba inakwisha alikuwa hajamwambia mtu. Alilala nalo zima, akaamka upande ule umezibwa kama kwa pamba. Akasubiri pamba itoke. Alipokwenda kwa daktari mwezi ulikuwa umeshapita, na daktari akamwambia kwamba angewahi siku ile ile pengine lingeokoka. Stamen alishukuru, akavaa kofia, akatoka. Hakulia, wala hakusikitika sana, na jambo hilo lilimshangaza mwenyewe. Alichohisi ni ganzi tu, kama ya mguu ulioukalia muda mrefu.

Mwenye macho akipoteza sikio moja, hasara yake ni ndogo. Anageuza shingo, maisha yanaendelea. Stamen alikuwa kipofu tangu utotoni. Sisi tunaokaa kwenye haya magorofa yaliyojengwa kwa ajili ya vipofu hapa Plovdiv hatuhitaji kuelezwa. Nasema vipofu kwa sababu ndivyo tunavyojiita. Wanaohangaika kutafuta neno laini ni wenye macho. Masikio mawili ndiyo yanayokuambia gari linatoka wapi. Likibaki moja, gari utalisikia, pengine limechelewa, na hutajua liko wapi, maana kila kitu kitaonekana kimetokea upande ule mzima.

Na Stamen ndiye aliyekuwa akitembea mbele. Alikuwa wa mashoto, kwa hiyo fimbo nyeupe aliishika mkono wa kushoto, na mkewe Zlatka, aliyezaliwa hana macho, alimshika kiwiko cha kulia. Hivyo ndivyo walivyovuka barabara za mji huu tangu walipooana. Zlatka alikuwa na fimbo yake, lakini akiwa na mumewe aliikunja na kuitia mkobani. Alimwamini, na zaidi ya hapo ilikuwa raha yake: huo ndio muda pekee wa siku ambao hakulazimika kuwaza.

Stamen alisema moyoni kwamba atamwambia baada ya Pasaka. Kisha akasema baada ya majira ya joto. Kisha likaja suala la maonyesho, akasema baada ya maonyesho.

*

Mchana Stamen alikuwa mkandaji kwenye kliniki, akikanda migongo ya watu waliokaa sana ofisini. Lakini kazi aliyoipenda kwa moyo wote ilikuwa kutengeneza michezo ya kompyuta ya vipofu, ile isiyo na picha hata moja, ambayo kila kitu ndani yake ni sauti. Mchezo wake mkubwa uliitwa Ukungu. Wewe ni mchungaji kwenye milima ya Rodopi, ukungu umeshuka, kondoo wametawanyika, na kila kondoo ana kengele yake. Unavaa hedifoni, unageuka kuelekea kengele, unakwenda, unamleta kondoo zizini. Ukichelewa, mbwa mwitu anafika. Kengele zile Stamen alizirekodi mwenyewe kwenye kundi la mjomba wake Zlatka, akitambaa kati ya kondoo na kipaza sauti mpaka wakamkanyaga.

Mchezaji wa kwanza wa Ukungu alikuwa Zlatka, na hakuna mtu katika magorofa yetu aliyewahi kumshinda. Tumejaribu wote. Mimi mwenyewe nimeliwa na yule mbwa mwitu mpaka nikamzoea.

"Kondoo wa kushoto anapiga kelele mno," Zlatka alisema siku moja. Alikuwa mezani jikoni, hedifoni kichwani, sahani ya banitsa, mkate wa jibini, pembeni inapoa.

"Anapiga sawa."

"Hapigi sawa. Wa kulia yuko kijiji cha pili huko, huyu wa kushoto amepanda mezani ananilia mkate."

"Hedifoni zako zimezeeka."

"Niliyezeeka ni mimi. Hedifoni nimenunua Machi."

Stamen alisogeza kiti. Alikuwa amekaa kama alivyokaa siku zote tangu Krismasi, mkewe akiwa kulia kwake. "Nimepima kwa namba, Zlatka. Namba zinasema pande zote sawa."

"Namba." Zlatka alivua hedifoni. "Zamani ukinibishia kengele ulikuwa unaniimbia. Unasema, sikiliza we mwanamke, inatakiwa iwe hivi, unaniimbia mpaka jirani anagonga ukuta. Siku hizi unanisomea namba kama mtu wa benki."

"Nimechoka tu."

"Basi pumzika. Lakini huyo kondoo mshushe."

Hakumshusha palepale, kwa sababu hakujua amshushe kiasi gani. Zlatka alipotoka kwenda dukani, Stamen alifanya kile alichokuwa akikifanya kwa siri tangu majira ya baridi. Ndani ya kompyuta kuna mahali unaweza kuiamuru ichanganye sauti ya kulia na ya kushoto iwe sauti moja, itoke sawa pande zote mbili. Pamewekwa kwa ajili ya watu wa sikio moja. Ukipawasha unasikia kila kitu, ila hakuna tena kulia wala kushoto. Stamen alipawasha, akamsikia kondoo wake wa kushoto kwa sikio la kulia, akakisia, akapunguza kidogo, akapazima kabla ufunguo haujagusa mlango.

Kilichomfanya afiche kilikuwa na jina, na jina lenyewe ni Bwana Hadzhiev. Huyu alitoka kwenye taasisi moja ya mji mkuu, Sofia, iliyokuwa ikitafuta mchezo wa sauti wa kupeleka kwenye shule na maktaba za wasioona nchi nzima, na mtengenezaji wake angepewa kazi ya kudumu ya kutengeneza mingine. Hadzhiev angekuja kwenye maonyesho Jumamosi auone Ukungu ukichezwa. Stamen alijua hakuna atakayemwajiri mtu wa sauti ambaye ni nusu kiziwi. Alijua pia kwamba siku Zlatka akijua, atamnyang'anya fimbo. Hayo mawili aliyaweka kwenye mzani mmoja, na huo ndio ubaya wake.

*

Ijumaa walifungua banda kwenye ukumbi wa maonyesho, ng'ambo ya mto. Banda lenyewe lilikuwa meza, viti, kompyuta moja, hedifoni, na bango ambalo waliambiwa ni zuri. Jirani yao wa kulia alikuwa Mitko, muuza vikaango, mtu mwenye sauti ya kuuzia mitaa mitatu.

"Havishiki, mama, havishiki hata ukikaanga dhambi zako," alikuwa akisema tangu asubuhi. Kisha akiinamia upande wao, kwa sauti ya chini: "Nikiwasumbua mseme, jamani. Nikinyamaza siuzi, lakini naweza kunyamaza kidogo."

"Endelea tu, Mitko," Zlatka alisema. "Wewe ndiye unatuonyesha ukuta uko wapi."

Watu walipita. Waliosimama walisimama kwa sababu ya kompyuta, halafu wakauliza kama imeharibika, maana skrini ilikuwa nyeusi. Zlatka aliwaeleza kwamba haijaharibika, ila haina la kuonyesha. Wachache walikubali kufungwa kitambaa cha macho na kuvaa hedifoni. Walizunguka kwenye ukungu wakicheka, wakapigana picha, wakaliwa na mbwa mwitu. Na kila aliyevua kitambaa alisema neno lile lile, pole, kama vile ametoka msibani.

Mama mmoja alisimama muda mrefu, kisha akamuuliza Mitko, "Hawa wanacheza nini?"

"Waulize wenyewe, mama. Wana midomo."

Yule mama akamgeukia Zlatka, akapandisha sauti na kuyavuta maneno. "Mna-cheza ni-ni, mwa-nangu?"

"Tunatafuta kondoo," Zlatka alijibu kwa mwendo wa kawaida. "Karibu ujaribu. Unavaa hizi, upande wenye alama ni wa kushoto."

"Aa, mimi mzee, nitaweza wapi." Ikasikika sarafu ikianguka kwenye sanduku walilowekea nyaya za akiba.

"Mama, umeangusha pesa."

"Sijaangusha. Ni zako hizo, mnunue chochote mle. Mungu awaone."

Zlatka aliitafuta ile sarafu kati ya nyaya, akaishika. Mama alikuwa ameshakwenda zake.

"Iweke tu," Stamen alisema.

"Niiweke wapi? Kwenye mfuko gani?" Alimpa Mitko, akamwambia akanywe kahawa. Mitko aliipokea, akarudi kwenye vikaango vyake, na kwa dakika kadhaa hakumwita mteja.

Jioni alikuja Ralitsa, binti wa ukumbi aliyepewa kazi ya kutangaza jukwaani. Alikuwa mwema, mwenye haraka, mwenye kumshika mtu mkono bila kuuliza. Kesho saa sita, alisema, jukwaa kuu. Zlatka atacheza Ukungu dhidi ya Boyan, yule maarufu wa magemu ambaye vijana wote wanamfuata mtandaoni. Boyan atafungwa kitambaa. Atacheza mmoja, kisha mwingine, kompyuta hiyo hiyo, sauti ikitoka pia kwenye spika za ukumbi, ili watu wote wasikie. Na Bwana Hadzhiev atakaa mstari wa mbele.

"Utaogopa, dada?" Ralitsa aliuliza.

"Nitamla mzima mzima," Zlatka alisema.

Walipobaki wawili alimwambia mumewe jambo ambalo hakuwahi kulitamka kabla. "Unajua nimepigiwa makofi maisha yangu yote, Stamen. Shuleni nilipigiwa kwa kupanda ngazi za jukwaa, hata sijaanza kuimba. Mwaka juzi watu walinipigia kwa kupanda basi. Kesho nataka wanipigie kwa sababu nimemshinda mtu. Mara moja tu, halafu sitaki tena."

"Utamshinda."

"Namshinda hata usingizini. Wewe angalia tu mashine yako iwe sawa."

*

Jumamosi, karibu na saa sita, Zlatka alikwenda msalani na Ralitsa akachane nywele. Stamen alibaki peke yake bandani, na yule kondoo wa kushoto akaanza kumwasha rohoni. Spika za ukumbi zingemfanya apige kelele zaidi. Hadzhiev angesikia. Alivaa hedifoni, akawasha ile sauti moja, akamtafuta kondoo, akamshusha kidogo. Akasikiliza. Akamshusha tena.

Mkono wa mtu ulishika kompyuta kutoka upande wa kushoto, na Stamen alishtuka kwa sababu hakumsikia akija.

"Mzee, nahitaji hii jukwaani." Alikuwa fundi wa sauti.

"Subiri kidogo, namalizia kitu."

"Hakuna kusubiri, wamejaa. Nishike bega, twende."

Kompyuta ilinyanyuliwa chini ya vidole vyake. Hedifoni zilimvutika kichwani, akazishika zisianguke, akamshika fundi bega. Njiani alifikiria ngazi za jukwaa, alifikiria Hadzhiev, alifikiria kama koti limekaa vizuri. Ile sauti moja haikumjia akilini kabisa.

Boyan alitangulia. Alikuwa mcheshi, watu wakampenda. Alifungwa kitambaa, akageuka huku na huko kwenye ukungu akisema, "Njoo kwa baba, njoo," akaanguka bondeni, akanyanyuka, akamgonga kondoo mmoja kwa bahati tu, na wa pili kwa bahati vile vile. Mbwa mwitu akafika. Ukumbi ulicheka.

Zlatka akakaa. Alipapasa hedifoni, akapata alama ya kushoto, akazivaa. Akaweka vidole kwenye vitufe na kubonyeza aanze.

Mwanzoni alidhani ni kelele za ukumbi. Kengele zilikuwepo zote, anazijua kwa majina, lakini zilikuwa katikati ya kichwa chake, kama mtu amezimimina ndani ya ndoo moja. Aligeuka kulia, kengele hazikusogea. Aligeuka kushoto, hazikusogea. Alijaribu kufuata sauti kubwa, akaingia bondeni. Kondoo wa kwanza alimkuta miguuni bila kujua ametoka wapi. Alitoa hedifoni upande mmoja, akairudisha. Alikuwa anatembea katika mlima anaoufahamu kuliko jikoni kwake, na mlima haukuwepo.

Stamen alisimama ukingoni mwa jukwaa, sikio lake la kulia likielekea spika. Kwake yeye kila kitu kilisikika vizuri kabisa. Kilisikika kama kilivyosikika kila siku tangu Krismasi. Katika ukumbi mzima yeye peke yake ndiye asiyeweza kujua kwa kusikia kwamba kulia na kushoto vimeondolewa. Alijua kwa kitu kingine: alisikia mkewe anageuka, na anageuka tena, na anageuka pasipo sababu. Zlatka hageuki pasipo sababu. Hapo ndipo vidole vyake vilipokumbuka kile walichokuwa wakikifanya wakati kompyuta inanyanyuliwa.

Ralitsa alikuwa hatua chache tu kutoka kwake, na kipaza sauti mkononi. Ilikuwa aseme tu, simamisheni, mashine ina kasoro. Wangesimamisha. Wangeuliza kasoro gani, na nani kaiweka, na kwa nini. Hadzhiev angekuwa anasikiliza. Stamen alifungua mdomo. Alitazamia kwamba aibu itamsukuma, au mapenzi, lakini hakikuja kitu, kifua kilikuwa na ganzi ile ile. Akaufunga mdomo.

Mbwa mwitu alifika. Spika za ukumbi zilimtoa vizuri sana.

Kisha watu wakapiga makofi, wakasimama, wakapiga zaidi. Hata Boyan hakupigiwa hivyo. Mtu mmoja alipenga kamasi.

"Leo hapa hakuna aliyeshindwa," Ralitsa alisema kwenye kipaza sauti, na sauti yake ilikuwa na machozi ya kweli. "Kwangu mimi mshindi ni huyu dada."

Boyan alimkumbatia Zlatka. "Dada, wewe ni shujaa."

"Wewe umepata wangapi?" Zlatka alimuuliza.

"Nini?"

"Kondoo. Umepata wangapi?"

"Ah, wawili. Bahati tu."

"Mimi mmoja. Basi umenishinda."

"Aa, hiyo si kitu, dada. Achana nayo."

Zlatka alinyoosha mkono ampe wa pongezi, kama mchezaji kwa mchezaji, lakini Boyan alikuwa ameshageukia watu wake na hakuuona.

*

Bwana Hadzhiev alimshika Stamen mkono kwa mikono yake yote miwili. Mikono yenyewe ilikuwa laini na ya moto.

"Mkeo ametutoa machozi, bwana. Tunauchukua. Nipigie Jumatatu."

"Umeuona mchezo wenyewe?" Stamen aliuliza.

"Nimeuona, nimeuona."

"Alishindwa."

"Kushinda, kushindwa, nani anaangalia hilo." Hadzhiev alicheka kwa upole. "Umeona watu walivyosimama? Samahani. Umesikia."

"Nimesikia," Stamen alisema.

Aliporudi bandani, Zlatka alikuwa ametangulia na kompyuta iko mbele yake. Njia nzima alifikiri kosa ni la fundi, kwamba nyaya za ukumbi zimechanganya sauti, na alikuwa ameshapanga atakavyomsema. Lakini sasa hedifoni zilikuwa zimechomekwa kwenye kompyuta yao wenyewe, na kengele bado zilikuwa katikati ya kichwa. Aliingia kwenye mipangilio ya sauti, akashuka mstari kwa mstari, na ile sauti inayosoma skrini ikamsomea: Sauti moja. Imewashwa.

Mahali hapo alipajua. Alimwekea mwenyewe marehemu mzee Tseno wa ghorofa ya chini, alipozibwa sikio na kiharusi. Hakuna mtu mwingine anayepahitaji. Vidole vilibaki juu ya kitufe, na mambo yakaanza kupanga foleni bila kuitwa. Stamen aliyeacha kuimba kengele. Stamen aliyebadilisha upande wa kulala baada ya mwaka mpya, akasingizia joto la ukutani. Stamen ambaye kila akikaa mahali, kiti cha kushoto kwake kinabaki kitupu.

Alinyanyuka, akazunguka meza kwa kuipapasa, akaenda kusimama kushoto kwa mumewe, karibu kabisa. Stamen alikuwa anakunja nyaya.

"Stamen," alisema, si kwa kunong'ona wala kwa kelele. "Koti lako linaungua."

Stamen aliendelea kukunja nyaya.

Mitko aligeuka kutoka kwenye vikaango vyake na kulitazama lile koti. Halikuwa na kitu. Alimtazama Zlatka, akamtazama Stamen.

"Linaungua mgongoni," Zlatka alisema. "Limeshashika moto."

Waya ulikunjwa, ukafungwa, ukatiwa sandukuni. Zlatka akarudi upande wa kulia.

"Tangu lini?" aliuliza.

Mikono ya Stamen ilisimama. Alijua swali ni la nini. "Krismasi."

"Yale mafua."

"Yale mafua."

"Daktari?"

"Alisema nimechelewa."

Zlatka alikaa. Alitaka kukasirika, na hasira haikuja. Alikuta nafasi yake ipo tu, tupu. "Tumevuka barabara ngapi tangu Krismasi, Stamen?"

Stamen alifunga sanduku la nyaya.

"Mimi nilikuwa nasinzia kwenye mkono wako. Ulikuwa unajua mimi nasinzia. Nilikuwa nafikiria mboga, nafikiria nguo za kufua. Na wewe unanipeleka barabarani kwa kukisia."

"Nilikuwa makini. Nilikuwa nasubiri pawe kimya kabisa."

"Upande gani?"

Stamen alifikicha uso. "Nilitaka kukwambia baada ya leo. Leo ikipita."

"Na pale jukwaani? Ulijua?"

"Nilijua katikati."

"Ungesema mashine ina kasoro. Neno moja."

"Wangeuliza kasoro gani."

"Ungewadanganya. Mbona mimi umeniweza miezi yote hii."

Mitko alijifanya anafuta kikaango. Akakifuta muda mrefu sana.

"Hadzhiev anauchukua mchezo," Stamen alisema. "Amesema nimpigie Jumatatu."

"Nimesikia. Anauchukua kwa sababu nimeshindwa vizuri." Zlatka alivuta pumzi. "Utampigia?"

"Sijui. Nikimwambia habari ya sikio hatanitaka. Nisipomwambia, itabidi kengele za kushoto mtu mwingine azisikilize. Mimi siwezi tena, Zlatka. Yule kondoo nilimshusha kwa kukisia, kwa sababu sijui yuko wapi. Hao kondoo wa kushoto wote sijui tena wako wapi."

Hayo ndiyo maneno aliyokuwa ameyabeba tangu majira ya baridi, na yalipotoka hayakufanya lolote. Ukumbi uliendelea na kelele zake. Mahali fulani Ralitsa alikuwa anatangaza bahati nasibu ya mashine ya kufulia.

Stamen alinyoosha mkono kwenye kompyuta azime ile sauti moja. Zlatka aliudaka mkono ule, akauweka mezani.

"Iache," alisema. "Si ndivyo unavyosikia wewe?"

*

Walitoka jioni, baada ya Mitko kuwasaidia kukunja bango. Aliwapa kikaango. Zlatka alikataa, Mitko akasema si sadaka, dada, ni cha kuonyeshea, kina mkwaruzo na hakiuziki, na kwa sababu hiyo Zlatka akakipokea.

Mlangoni Stamen alifungua fimbo yake na kutoa kiwiko cha kulia, kama kawaida. Kiwiko kilikaa hewani bila mtu. Alisikia mkoba ukifunguliwa, kisha fimbo ya Zlatka ikijinyoosha kipande kwa kipande. Halafu hakumsikia tena. Alisimama, akageuza uso huku na huku, na kwa muda ule mfupi alidhani amemwacha.

Mkono ukamshika kiwiko cha kushoto.

"Hamisha fimbo yako, inanipiga miguu," Zlatka alisema kwa nguvu, ili imfikie. "Au ikunje kabisa."

Aliikunja. Walikwenda kwa mwendo wa Zlatka, ambao ulikuwa wa polepole na usio na mazoea, fimbo yake ikigonga ukingo wa barabara mahali ambapo yeye Stamen asingegonga. Mara mbili walikwenda nje ya njia. Kikaango kiligonga goti la Stamen kila hatua.

Walifika pale pa kuvuka, kabla ya daraja, mahali pasipo na taa. Walisimama. Stamen alisikiliza kama alivyosikiliza miezi yote ile, kwa shingo iliyokaza, na akasikia barabara imenyamaza, kimya kizuri, kipana.

"Pako kimya," alisema. "Twende."

Zlatka hakusogea. Vidole vyake vilimkaza kiwiko mpaka vikauma.

Gari lilipita mbele yao, karibu kiasi cha upepo wake kupepea koti. Stamen hakulisikia mpaka lilipofika upande wake wa kulia.

Alisimama mdomo wazi. Miguu ilianza kumtetemeka, kwanza kidogo, halafu ikamtetemeka kweli kweli, kwa gari lile na kwa magari yote ya tangu Krismasi. Zlatka alisikia koti lake linavyotikisika. Hakumwambia pole. Alisubiri, akasikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akasikiliza tena kushoto.

"Sasa," alisema, na wakavuka.